Udongo Yao, Maji Yangu

Ziwa ya Nzilo, tarehe 28 mwezi wa tatu 1993

Mbayo, mudogo wangu wa avenue moja,

Banza wa makala, muuza mkaa, njo anakuletea barua hii. Mupatie maji ya kunywa, anasukuma kinga, ile baiskeli yake, toka mbali na magunia juu.

Nilisikia kule mu site, mutaani kwenu, banasema: Tshilombo alikimbia. Uongo. Tshilombo alihama. Mutu wa kukimbia anaacha viatu. Mi nilitoka na viatu, na kofia, na bibi yangu Mushiya, Mama Kanku, na sanduku yangu ya kazi, na mbabula, jiko yetu ya makala, na kuku mbili. Hiyo ni kukimbia?

Unakumbuka mashua za bazungu huku Nzilo, ku club yao ya siku ya Mungu. Siku za kazi mi nilikuwa sharpantye, fundi wa mbao, ku kompani ya shaba, siku ya Mungu nilikuwa mukubwa wa mashua zao. Rangi, mbao, kamba, vwale, ile kitambaa inakamata upepo, yote ni mikono hii. Muzungu Gérard alipotoroka wakati askari balipora, mu '91, akaniambia: Tshilombo, unichungie mashua. Akanipatia ufunguo. Hajarudi. Basi ni yangu. Inaitwa Stéphanie, ni jina ya binti yake, imeandikwa kule mbele na rangi ya bleu. Mama Kanku anasema: ona, ku uzee wangu nalala mu tumbo ya mwanamuke mwengine.

Tunakaa muzuri. Kuko kachumba, mutu anaingia ameinama sawa kuku. Vitanda ni mbili, moja huku, moja kule, nyembamba sawa sanduku ya mufu. Mama Kanku alijipiga kichwa kila siku, sasa kichwa yake inajua njia. Mbabula tuliweka mu beseni ya muchanga, moto isikule mashua. Upepo ikikuya, sufuria inatoka kwangu inaenda kwake, inatoka kwake inarudi kwangu. Yeye anasema hata sufuria banaifukuza. Kuku moja ilianguka mu maji, tukaikula. Hakuna jirani wa kuomba chumvi.

Sasa soma hii na sauti, batu basikie, weye ni mutu wa Katanga, hawatakugusa. Banasema Bakasai ni bilulu, wadudu, batoke mu udongo wa Katanga. Muzuri. Nilitoka. Mi siko tena ku udongo yao, niko ku maji. Maji inatoka mbinguni, haina kabila. Mwenye anataka kunifukuza aogelee akuye.

Tata yangu alikuya huku na kontra, mukataba ya kazi ya bazungu, mi nilizaliwa hapa, ku Kasai sijui hata njia ya choo. Mu '61 balitufunga mu kambi, nilirudi. Mu '78 risasi ilipita mu Kolwezi sawa nyuki, nilikaa. Leo nitaogopa batoto? Kanku binti yangu alimufuata bwana yake Ngeleka ku gare, ile stesheni, kungoja treni ya Kasai. Ngeleka ni muoga tangu siku alikuya kuposa.

Uchunge nyumba yangu. Na mashini ya kushona ya Mama Kanku, mutu asiiguse.

Mi Tshilombo, kapiteni.


Kolwezi, 9/4/1993

Yaya Tshilombo,

Barua yako niliisoma kwa sauti kama ulivyotaka, ila mlango ulikuwa umefungwa na msikilizaji alikuwa Elise bibi yangu, basi. Siku hizi hapa mutu hataji jina la Mukasai kwa nguvu.

Mi ni karani, siyo kapiteni, nakuandikia tu vitu macho yangu yameona. Kompani hailipi. Mashimo ya mgodi wa Mashamba yamejaa maji, mashini zimelala. Mutu asiye na kazi anaamka asubuhi anatafuta mwenye kosa, na mwenye kosa wamekwisha kumwonyesha. Gare imejaa mpaka barabarani. Kanku wako yuko pale na Ngeleka na watoto, chini ya mifuko ya simenti iliyoshonwa. Alinishika mkono akasema: "Tata Mbayo, tata yangu abaki na mashua yake kama anataka, lakini mama atuachie sisi. Mama ana kifua. Kwenye baridi ya maji hatamaliza mwaka."

Ni hayo tu alinituma. Mwachilie Mama Mushiya apande treni na binti yake.

Nyumba yako ipo. Kuna mutu ndani. Usiniulize nani leo. Mashini ya kushona iko kwangu, chini ya kitanda.

Na tangu lini unajua kuogelea, Yaya? Mto Musonoi ulikufika kiunoni, na weye ulikuwa kijana mwenye ndevu, ukaita mama yako.

Ndugu yako Mbayo.


Ziwa ya Nzilo, tarehe 18 mwezi wa ine

Mbayo,

Swali ya kuogelea ni ya mutu mujinga. Kapiteni haogelei. Anaogelea mwenye mashua yake ilizama.

Juzi tulikata ziwa yote, toka ku mawe mpaka karibu na baraji, ile ukuta ya kuzuia maji, vwale imejaa sawa tumbo ya mimba. Bavuvi balisimama mu mabwato yao bakapiga makofi. Mama Kanku hakupiga, alikuwa ameshika sufuria.

Kanku analia tangu alizaliwa, usimusikilize. Nilimuuliza Mama Kanku hapa hapa, anatoa magamba ya samaki: unataka kwenda na binti yako? Akanyamaza. Kunyamaza ni kukataa. Mi namujua, tuko pamoja tangu bazungu banatembea na kofia ya chuma.

Lakini mi si mutu mubaya. Wiki inayokuya nitamutuma na Banza aage binti yake ku gare. Kufika, kuaga, kurudi. Usimushike huko na maneno ya karani.

Na uniandikie jina ya huyo mwenye iko mu nyumba yangu. Mi nilipanga kila tofali ya ile nyumba.

Tshilombo, mwenye mashua na mwenye nyumba.


Kolwezi, 2/5/1993

Yaya Tshilombo,

Barua hii anakuletea Mama Mushiya mwenyewe, mzima, hana hata mkwaruzo. Kaa chini, nitakuchekesha.

Kanku ameondoka. Watu walipanda mpaka juu ya mabehewa. Mama Mushiya alishika mkono wa binti yake mlangoni mwa behewa mpaka treni ikamnyang'anya. Pale hakulia. Alilia kwangu, mbele ya bukari, ugali wa Elise.

Basi Elise amekwenda sokoni, mi na Mama tunangoja Banza, nasikia kelele kwenye avenue. Bajeune, wale vijana wa kufukuza Bakasai! Wanaingia nyumba kwa nyumba na fimbo: "Bilulu viko wapi?" Nifanye nini? Nikamwambia Mama: panda kitanda changu, jifunike mpaka kichwa. Mi nikakaa kitandani pembeni yake, nikashika mkono wake, nikaanza kulia kama mtoto aliyepigwa. Wakasukuma mlango. Nikasema: "Banangu, Mungu amewaleta! Mama mukwe wangu huyu, kolera inamumaliza, mukuye munisaidie kumubeba!"

Yaya, ungewaona. Mkubwa wao aliruka juu ya ndoo ya maji. Mmoja alisahau fimbo yake, ndiyo nakorogea pombe ya munkoyo sasa. Mama Mushiya anatetemeka chini ya blanketi, nadhani ni woga, kumbe anacheka.

Karani amewashinda bila kuinua kalamu. Na weye endelea kujisifu na upepo wako.

Mbayo.


Ziwa ya Nzilo, tarehe 6 mwezi wa tano

Mbayo,

Barua yako uliitia mu mikono ya bibi yangu, na bibi yangu hajui kusoma. Alinipatia anacheka. Nikaanza kumusomea na sauti, shiye wote tunacheka, tunacheka mpaka tunafika ku kitanda. Pale nikaweka barua chini.  Akaniambia: "Tata Kanku, nilitaka ukule kwanza, halafu nikuambie."

Weye ni Muluba wa huku, shiye ni Baluba ba Kasai, na hii kitu haujui. Kwetu bibi ya mutu hakai ku kitanda ya mwanaume mwengine. Hashikwi mukono. Ikifanyika, hata bila kupenda, kuko tshibawu, ile laana ya kuvunja mwiko, juu yake. Akipika, bwana yake asikule, sababu akikula kifo inaingia mu nyumba. Wakubwa ba jamaa njo banamusafisha, halafu anapika tena.

Utasema: mi nilikuwa namuponyesha. Tshibawu haiulizi juu ya nini. Mu nyumba yako kuko jiko. Kuko pipa. Kuko ile kabati ya Elise. Juu ya nini kitanda? Juu ya nini mukono?

Nilikamata chaki yangu ya kupimia mbao, nikachora mustari katikati ya mashua. Kachumba ni upande yangu. Kule mbele, fasi jina imeandikwa, ni upande yake, nilimufungia bashe, ile turubai, juu. Sufuria yake, sufuria yangu. Mwenye kumusafisha ni mutu mumoja tu, Kabongo, yaya yangu wa tumbo moja, na Kabongo balimufukuza mwezi wa pili, iko Mwene-Ditu, ku Kasai. Mi siendi Mwene-Ditu. Basi tutangoja.

Na usomee batu wote hii: Tshilombo hajaweka ku kinywa hata chumvi toka ku mukono yake, na hataweka. Niliapa.

Tshilombo.


Kolwezi, 29/5/1993

Yaya,

Sikucheka. Elise naye aliisoma, akatamka neno ambalo karani haliandiki.

Kwetu mwanamke akiponyeshwa kifo, wanachinja kuku wa furaha. Namtuma kuku huyo na Banza, ni mweupe. Kama ni wa furaha au wa kusafisha, chagua mwenyewe. Mle, yaishe.

Mwezi wa sita unaingia. Unaijua baridi yake, asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kama zimemwagiwa unga. Mwanamke wa kifua analala nje kwa sababu ya mustari wa chaki? Chaki inafutika kwa mate, Yaya. Weka mate kwenye kidole.

Treni zinapungua. Wanasema iko moja mwezi wa saba, nyingine hakuna anayejua. Kama kweli anahitaji Kabongo, mpelekeni kwa Kabongo. Nendeni wawili.

Mbayo.


Ziwa ya Nzilo, tarehe 30 mwezi wa sita

Mbayo,

Kuku alifika. Kuku bila mukubwa wa jamaa ni mboga tu. Tulimuachilia, anakaa kule mbele na Mama Kanku, banazungumuza bo wawili.

Mi napika mwenyewe. Samaki yangu inakuwa nyeusi lakini ni samaki ya mwanaume. Bukari yangu inashikana sawa simenti, ukimupiga mutu nayo anaanguka. Nilikuwa na homa kidogo, ikapita yenyewe, mwili yangu ni muti mugumu wa mukula. Kiapo yangu iko pale pale, hata punje ya unga toka kwake. Andika hiyo fasi fulani, weye mwenye kuandika kila kitu.

Maji inashuka kidogo. Ni kawaida ya wakati ya baridi, baraji inakunywa. Niliongeza kamba, nikasukuma mashua mbele. Bavuvi banasema nihame niende fasi ya katikati. Bavuvi banamufundisha nani?

Unitumie dawa ya kukohoa na Banza. Mi njo nakohoa.

Haujaandika jina ya mutu mu nyumba yangu.

Tshilombo, kapiteni.


Kolwezi, kwa Mbayo, tarehe 19 mwezi wa saba

Tata Kanku,

Mi Mushiya. Elise njo anaandika, mi nasema.

Uliniona nikishuka na Banza. Ulitazama maji. Niliweka kuku ku mufuko, nikakuachia chumvi na unga upande yako ya mustari.

Ulisema ni Kabongo tu mwenye anaweza kunisafisha. Ulisema na sauti, ukaandika, batu wote banajua. Muzuri. Mi ni bibi ya kusikia bwana yake. Naenda kwa Kabongo. Treni iko hapa ku gare, ni mabehewa ya kubebea mizigo, haina injini bado, banasema itafika siku yoyote.

Nilipita mbele ya nyumba yetu. Pazia yangu ya maua iko ku dirisha. Mu mulango kulikuwa Dady, mutoto wa Mbayo, na bibi yake ana mimba. Nilibasalimia. Bibi yake aliingia ndani na haya. Dady alinibebea mufuko mpaka ku gare. Usigombane na Mbayo juu ya hii. Ningependa ukuwe na mutu mumoja wa kuandikia.

Sasa sikiliza, Tata Kanku. Kuko kitu moja, weye unaijua na mi naijua. Elise hajui, ananiangalia anataka kujua. Ile kitu ukiisema mbele ya Mbayo, safari yangu haina sababu. Nitarudi na Banza, ama weye utakuya twende wawili, sawa utapenda. Ni neno moja. Treni haijatoka. Nangoja.

Kikohozi iko sawa sawa.

Mama Kanku.


Ziwa ya Nzilo, tarehe 22 mwezi wa saba

Mama Kanku,

Mbayo akusomee.

Sina neno. Neno yangu niliandika mwezi wa tano, na batu ba kazi yangu banajua, mi nikipima mbao sipimi tena. Kwenda kwa Kabongo, akusafishe, urudi. Mashua iko, kapiteni iko.

Na weye Mbayo mwenye kusoma: sasa najua jina. Nilikuomba uchunge nyumba, haukukosea, uliichunga na mutoto wako.

Tshilombo.


Kolwezi, 11/8/1993

Yaya,

Treni imeondoka. Ilikaa gare wiki nzima na zaidi bila injini, na kila asubuhi Mama Mushiya aliuliza kama Banza amefika. Banza akafika na karatasi yako. Nikamsomea pale pale, amekaa juu ya mufuko wake. Akasema: "Soma tena." Nikasoma tena. Akasema: "Hakuna upande mwingine wa karatasi?" Nikageuza, nikamwonyesha, nyeupe. Akasema: "Basi." Akamfunga kuku miguu, akapanda. Elise alimpa blanketi letu, lile lile la kitandani. Alilikubali.

Ni neno gani alikuwa anangoja? Nimefikiri sana, sijapata.

Kuhusu Dady. Asingeingia yeye, angeingia mwingine, na huyo mwingine angechoma milango kupikia. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nakuandikia kama nilivyojiambia, sina lingine. Mtoto wao akizaliwa, Dady anataka kumwita Tshilombo. Nilimwambia akuulize kwanza. Hathubutu.

Mbayo.


Mwene-Ditu, tarehe 20 mwezi wa kenda

Tata Kanku,

Ni Kanku anaandika, maneno ni yangu mi Mushiya. Kanku amelia, amechafua karatasi, utaona.

Nilifika. Mabehewa yalisimama Lubudi siku mingi, batu balizika batu pembeni ya njia. Mi sikuzikwa. Kuku aliibiwa pale.

Tulikuta Kabongo analala mu kalasi ya shule na jamaa ingine kumi. Alizeeka. Niliketi chini mbele yake na mbele ya bamama, nikasema yote: kitanda, mukono, bajeune, mustari. Akaniuliza swali moja, ile niliogopa toka Kolwezi. "Bwana yako, tangu ajue, alikula chakula yako?"

Mbele ya wakubwa mutu hadanganyi. Nilimwambia: alikula. Mu mwezi wa sita homa ilimulaza, samaki yake nyeusi ilimushinda. Nilipita mustari, nikamupikia bukari ya mihogo na matembele, nikamutilia ku kinywa na vidole yangu, siku tatu. Alipopona aliomba tena. Halafu akaniambia: "Sasa kesi imekwisha, Mama Kanku. Lakini Mbayo asijue, niliapa kwake mu barua." Akanirudisha kulala kule mbele, sababu bavuvi na Banza banaona.

Bamama balipiga makofi ya kushangaa. Kabongo hakucheka. Alisema: "Kifo inamukamata mwenye anakula bila kujua. Mwanaume akijua, akakula, amesamehe. Kitu ya kusafisha hakuna. Ulikuya huku kufanya nini?"

Nikamujibu: nilikuya sababu hakusema.

Tata Kanku, mi nilijua. Mama yangu alinifundisha mbele sijakuwa bibi yako. Siku zote ku gare ya Kolwezi nilijua siko na kitu ya kusafisha. Nilingoja uchague. Mustari yako na mi. Ukachagua mustari.

Sasa mi niko safi, nilikuwa safi, na sirudi. Hata nikitaka. Treni inaleta batu, hairudishi batu, inaenda kule tupu na askari mulangoni. Barua hii anabeba mushofa, dereva wa injini ya treni, ni mutoto wa hapa.

Hapa kuko njaa. Usikuye juu ya maneno ya kujisifu. Ukuye ukiweza kukula mbele ya batu.

Mama Kanku.


Ziwa ya Nzilo, tarehe 17 mwezi wa kumi

Mama Kanku,

Nilisoma barua yako polepole juu ya machozi ya Kanku. Nilisoma peke yangu.

Nilitaka kuandika mashua inatembea. Nilianza karatasi ingine na ile maneno, nikawashia mbabula. Nakuandikia sasa vile iko.

Maji ilienda. Baraji ilikunywa, mvua haikukuya, bavuvi bakahama na mabwato yao, na mi nikangoja sababu kapiteni hahamishwi na bavuvi. Asubuhi moja sufuria ilitembea upande moja tu, haikurudi. Stéphanie alilala ubavu mu matope. Nilishuka chini. Matope ilinifika ku magoti. Halafu jua ikaikausha, ikapasuka pasuka sawa kisigino.

Bajeune bakakuya. Hawakuogelea. Bakakuya na miguu, banavaa viatu, banavuta sigara. Mukubwa wao akagonga ku mbao sawa mutu anabisha hodi. "Muzee, ni weye ulisema uko ku maji?" Nikatazama viatu yao. "Basi hii ni nini?" Akakamata udongo mukavu, akauvunja mbele yangu, akaniwekea mu mukono. Hawakunipiga. Ningependa banipige. Balicheka tu, bakachukua vwale, banasema itafaa kufunika biashara yao ya mahindi. Moja akasema tumufukuze. Mukubwa akasema: "Wa nini? Treni haiko tena."

Njo vile. Hata kunifukuza hawana haja.

Ile mustari, Mama Kanku, mashua ilipolala maji ya matope iliingia ikaifuta. Mi nalala kule mbele, upande yako, chini ya bashe. Iko baridi. Sikujua. Nilikuwa mu kachumba na mulango umefungwa, nasikia ukikohoa, nasema ni kuku.

Dady alikuya Siku ya Mungu iliyopita, ameleta unga, akaniuliza juu ya jina ya mutoto. Nilimwambia afanye vile anataka, ile jina siko nayo na kazi mingi.

Sasa sikiliza. Barua hii inapita kwa Mbayo, Mbayo njo anamujua mushofa wa injini. Mbele nilikuwa nafunga bahasha na gundi ya mbao, mutu asifungue. Leo sifungi. Mbayo asome. Elise asome. Basome na sauti, mulango wazi, Kabongo na bamama bote basikie.

Nilikula. Ilikuwa bukari ya mihogo na matembele, ulitia chumvi kidogo sababu haikukuwa mingi. Nilikula siku tatu na nikaomba tena. Ilikuwa tamu. Nilikula.

Sasa ulisema ni neno moja. Njo hiyo.

Mi Tshilombo.


Kolwezi, 14/11/1993

Yaya Tshilombo,

Mushofa wa injini hakurudi toka mwezi wa kumi. Mkuu wa gare anasema laini imefungwa, hajui mpaka lini, na posta unajua ilikufa zamani. Niliuliza malori ya Lubudi, niliuliza mapadri. Hakuna anayekwenda upande ule.

Barua yako iko hapa juu ya meza yangu. Niliisoma. Ulisema nisome. Elise pia aliisoma, kwa sauti, mlango wazi, kama ulivyotaka. Katika nyumba hizi hakuna Mukasai aliyebaki wa kuisikia.

Mvua imeanza. Banza anasema maji yamerudi, yamegusa jina la mashua, na weye uko ndani unakataa kushuka.

Elise amepika. Bukari ya mihogo na matembele. Anauliza kama utakula.

Mbayo.